Ng'ombe wa Bibi Kitabuni

Juzi nilishuka Majengo kutoa kopi za vyeti vyangu, kwa mara nyingine tena, maana kila ombi la kazi lisipojibiwa huwa nadhani kopi zilitoka hafifu. Mashine ikatema karatasi zenye joto, na harufu ile ya wino ikanichukua. Nikajikuta barazani kwa bibi, huko juu mlimani, ukungu ukiteremka polepole juu ya migomba, maji ya mfereji yakinong'ona nyuma ya nyumba, chungu cha kiburu, ndizi zetu na maharage, kikitokota jikoni.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu aliyeanzisha kampuni ya vitabu vya shule. Nasema kampuni, lakini ungekuta chumba kimoja cha kupanga mjini, meza na maboksi. Kabla kitabu hakijaenda kwa wapiga chapa, alipanda nacho kijijini kikiwa bado karatasi zisizoshonwa, akatuketisha watoto, tukamsomea mmoja mmoja kwa sauti. Hakutusahihisha. Alishika penseli akisikiliza tunapokwama. "Mtoto akikwama, kosa ni la kitabu," alizoea kusema, kisha anapiga mstari. Sijui kama unaelewa maneno hayo yalivyomwingia mtoto aliyeogopa hata kuitika jina lake darasani.

Wakati huo kitabu chake cha kwanza kilikuwa kimerudishwa na shule, maboksi kwa maboksi. Tulimsikia akimwambia bibi, "Na hiki kikirudi, mama, nafunga ofisi." Kwa hiyo nilipopewa ukurasa wa ng'ombe, nilihisi kampuni nzima imekaa juu ya ulimi wangu.

Picha ilionyesha mtoto akipeleka ng'ombe malishoni, nyasi hadi upeo wa macho. Nilisoma sentensi ya kwanza, nikanyamaza.

"Umekwama wapi?"

"Shikamoo," nikasema kwa woga, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia. Wenzangu wakaangua kicheko.

"Marahaba tena. Wapi?"

"Ng'ombe akienda huko mbali, nani anampelekea majani?"

Kwetu ng'ombe hakutoka bandani. Sisi ndio tuliomkatia majani na vipande vya migomba, tukampelekea asubuhi na jioni. Bibi akaja, akaichukua karatasi, akaitazama kwa mbali na kwa karibu.

"Mwalimu, ng'ombe mwenye nyumba yake anazururaje hivi kama mlevi?"

"Anachungwa, mama."

"Na nani? Mtoto mwenyewe yuko nyuma. Hapa ng'ombe ndiye anayemchunga mtoto."

Mwalimu alicheka hadi akafuta macho, halafu akaipigia picha nzima mstari. Wapiga chapa walikuwa wakimsubiri. Kesho yake alirudi na mchoraji, akamkalisha bandani mchana kutwa. Ng'ombe wetu akachorwa akila kwa utulivu, na mtoto akimjia na mzigo wa majani kichwani. Baada ya hapo nililala vibaya sana. Je, kama kitabu kilikuwa sawa, na mimi ndiye niliyekosea?

Hakikurudi. Mwalimu mmoja wa Sanya Juu, ambako watoto huchunga kwelikweli, alituma salamu kwamba darasa lake linagombania ukurasa ule. Wanataka kujua ni watu gani hao wanaomwandalia ng'ombe chakula kama mgeni. Akaomba vitabu zaidi. Jirani alipanda kutuletea habari hiyo pamoja na mikate ya mjini, na bibi akammiminia mtindi kikombe kikajaa hadi ukingoni.

Kampuni iliishi mpaka nilipokuwa sekondari. Kisha macho ya mwalimu yakafifia, na wanawe walikuwa na shughuli zao. Chumba kile sasa kinauza vigae. Bibi hayupo. Palipokuwa na banda, mjomba anaegesha gari. Kitabu chenyewe nimekitafuta, sijakipata, ingawa huko Sanya Juu lazima kuna watu wa rika langu waliojifunza kusoma wakimfuata ng'ombe wetu kwa kidole.

Siku hizi nikiingia kwenye usaili na sauti ikanikauka, waulizaji hutazama saa na kwenda kwenye swali linalofuata. Nami humkumbuka mtu mzima ambaye, akiwa karibu kupoteza kila kitu, alisimamisha kitabu kizima akamngojea mtoto aliyenyamaza.