Makubadhi ya Fundi Madi Yalikotengenezwa

Zama zile tulipokuwa watoto Mutsamudu, kisiwani Anjouan, Idi ilianza kwa kutuuma visigino. Nalisema hili kwa sababu wenzangu wa rika langu, kila tukutanapo hapa Moroni, husifu makubadhi ya zamani kana kwamba tulivaa mawingu. Kumbukumbu na ziwekwe sawa: yalikuwa magumu. Siku tatu za kwanza tulitembea kama kuku aliyefungwa miguu, na mama alinipaka mafuta ya nazi akisema, "Vumilia, Zaina. Kiatu bado hakijakujua."

Aliyeyashona alikuwa Fundi Madi, mwenye kibanda kichochoroni nyuma ya nyumba yetu. Tulimwita Bakoko, kama tunavyowaita babu zetu wote. Idi ikikaribia tulipanga foleni, mmoja mmoja tukakanyaga kipande cha katoni, naye akauzungushia mguu penseli. Kibanda kilinuka ngozi, gundi, na karafuu za jirani zilizoanikwa mlangoni. Akipima, alitutajia vitu vyake: "Ngozi imetoka Bukini, kile kisiwa kikubwa. Soli ni tairi la gari la Mfaransa. Misumari imeshuka melini, sijui ya wapi. Mguu ndio wa Mutsamudu." Tulicheka, tukaondoka tukijivunia viatu vyetu.

Kisha duka moja likaleta viatu vya plastiki kutoka ng'ambo, vyekundu, vinang'aa kama pipi, kwa nusu ya bei. Waliovipata walinifuata njiani: "Zaina, piga honi, tairi lako linapita." Nililia hadi nikanunuliwa. Mwezi haukwisha, ukanda ukakatika, nikampelekea Bakoko huku nimeinamisha kichwa. Alipasha kisu moto, akauunganisha, wala hakunicheka. "Meli hushusha mia kwa siku moja," alisema. "Mimi hushona jozi moja kwa siku mbili. Bei yangu haishuki, mwanangu, labda nishone cha mguu mmoja."

Nilikua, nikahamia Moroni, mji mkuu wa Komori, kisiwa kingine, nikawa karani wa forodha. Kwa miaka yote ya utumishi sikusita kwenye safu hata moja ya fomu, hadi kisiwa chetu cha Anjouan kilipojitangazia kujitenga. Wapo waliotaka kurudi chini ya Ufaransa, wapo waliotaka kusimama peke yao, na sisi watu wa Mutsamudu tuliokuwa Moroni tuliulizwa kila asubuhi tuko upande gani, kana kwamba tulipiga kura usingizini.

Katika siku hizo likafika sanduku la makubadhi kutoka kwa Fundi Madi, sasa mzee sana, pamoja na barua kwangu. Mutsamudu hapakuwa na mwenye fedha za kununua. Ngozi yake yote ilikuwa imeishia humo. Aliomba yauzwe Moroni kabla ya Idi.

Bidhaa ya nyumbani haikutozwa ushuru. Ya kigeni ilitozwa. Yakitozwa, yangekuwa ghali mara tatu ya plastiki, na nani angeyanunua? Nikiandika ya nyumbani, ningeambiwa nawapendelea waasi wa kwetu. Safu ya nne iliuliza: nchi yalikotengenezwa. Kalamu ilisimama.

"Bi Zaina," karani mwenzangu alitania, "hayo siku hizi ni ya Paris. Yatoze vizuri."

Nilimpelekea mkuu wangu, Bwana Hamidi, nikamwarifu kwanza, kama inavyostahili, kwamba fundi yule alinipima mguu utotoni. Kisha nikamsomea: ngozi ya Bukini, tairi la Ufaransa, misumari isiyojulikana. Bwana Hamidi alizaliwa Mahajanga, huko Bukini, akaletwa Komori pamoja na wale waliorudishwa baada ya mauaji ya Wakomori kule, na hata baada ya miaka ishirini bado kuna waliomwita mgeni. Aligeuza kubadhi moja, akaligonga soli.

"Ngozi hii ni ya kwetu," alisema. "Kule nilikozaliwa. Na mimi vyeti vyangu vinasema Mkomori. Andika unachokijua, Bi Zaina, usiandike unachokisikia."

Nilichokijua kilikuwa kimoja. Niliandika: Mutsamudu. Huo ni mji, nami niliulizwa nchi. Ndiyo mara pekee niliyojibu swali ambalo serikali haikuniuliza. Bwana Hamidi aligonga muhuri. Hakuna ushuru uliotozwa.

Ningependa kuandika kwamba yalinunuliwa yote. Ukweli ni kwamba wateja wa Moroni waliyabonyeza, wakayasifu, wakavuka barabara kununua plastiki. Zilitoka jozi sita. Moja niliinunua mimi.

Leo Fundi Madi hayupo, na visiwa vimerudi kuwa nchi moja. Wajukuu wangu huagiza viatu kwa simu, huvipiga picha kabla ya kuvivaa, na vikibanduka mvuani huagiza vingine. Neno fundi kwao ni mtu wa kutengeneza simu. Juzi mmoja aliniletea makubadhi kutoka Mutsamudu, aliyoyanunua karibu na uwanja wa ndege wa Ouani, yamenakshiwa jina la kisiwa kwa uzi wa dhahabu. Nikavaa miwani, nikageuza soli. Yametengenezwa ng'ambo, mbali kuliko Bukini.

Nilikasirika, nikayavaa ili niyalaumu kwa haki. Nimetembea nayo hadi msikitini na kurudi. Hayaniumi hata kidogo, na Idi imefika bila visigino vyangu kuarifiwa.