Madirisha ya Bohari la Bhikhubhai

Hadi leo watu wa Mambrui watakwambia kuwa homa ile ya kifua, mwaka vita vya Wajerumani vilipokwisha, ililetwa na Lewa, na kosa ni lake peke yake. Nikisikia hivyo hukasirika, maana ukweli ulisemwa hadharani, na aliyeusema ni mjomba wangu, Farjallah.

Mjomba alikuwa mshona kanzu. Alasiri alifundisha vijana mieleka, na ni kwa kazi hiyo alijiona mtu. Bhikhubhai, mwenye duka, alimwazima bohari lake la pamba lililokuwa tupu msimu ule. Vijana kumi na wanne walikutana mle kila siku, na mjomba aliziba madirisha yote mawili kwa magunia, akafunga na mlango, ili vijana wa mtaa wa pili wasichungulie wakajifunza ngwala zake. Ndani palikuwa na joto, jasho, vumbi la pamba, na kata moja ya maji iliyozunguka mdomo hadi mdomo. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi nisingeuona.

Lewa, kijana wa Kigiriama kutoka upande wa Marereni, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Alirejea kutoka Mombasa, alikokwenda kuchukua mizigo bandarini, siku kumi kabla ya mashindano ya Maulidi. Macho yalikuwa mekundu na alikuwa akikohoa. Hakuingia bohari. Alisimama nje ya mlango.

"Mwalimu, kifua chaniuma. Kule Mombasa watu wanakufa kwa kikohozi hiki. Nipe ruhusa nende kwetu nikalale."

"Wenda wapi, nawe ndiwe tegemeo letu? Mafua tu hayo, jasho litayatoa. Ingia, ufunge mlango."

Aliingia. Mwalimu hakataliwi. Kwa siku tatu alishikana na kila mmoja wao, kifua kwa kifua, shavu kwa shavu, wote wakivuta pumzi ileile. Siku ya nne hakuweza kuinuka. Siku ya sita vijana wanane walikuwa kitandani, na wavuvi waliokaa pwani kutwa walikuwa bado wazima. Homa ilianzia katika nyumba za wapiga mieleka, ikashika mama zao na dada zao. Hamad, mwana wa pekee wa mjomba, naye mmoja wa wale kumi na wanne, alikufa Ijumaa. Wenzake watatu wakamfuata. Lewa alipona.

Kupona kwake kukawa ndilo kosa lake. Siku ya tatu ya matanga wanaume walisimama barazani kwa mjomba wakasema Lewa atolewe kibandani mwake kwa fimbo, arudi alikotoka, naye hata kutembea hajaweza. Mjomba angeweza kunyamaza. Nani angemhoji mfiwa? Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimekaa ubavuni pa mkewe, Mahfudha, na kwenye upenyo wa pazia nilimwona mjomba akitutazama. Nilijua anamwogopa nani, nami nilimwonea huruma.

"Mwacheni," alisema, kwa sauti ya kutufikia ndani. "Alinambia ni mgonjwa. Alitaka kwenda kwao. Mimi ndiye niliyemwingiza, nikamwamuru afunge mlango. Watoto wenu nimewaua mimi. Na Hamad nimemuua mimi."

Wanaume walikaa chini mmoja mmoja. Hakuna aliyetaja fimbo tena.

Mahfudha hakulia. Aliinuka, akaenda jikoni, akakoroga uji, akanipa bakuli mkononi. "Mpelekee Lewa," alisema. "Na mlango wake uuache wazi."

Mjomba aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo. Mahfudha alimpikia, alimfulia, akamuuguza hadi alipokata roho. Lakini tangu siku ile hakumwita tena Baba Hamad. Hakumwita kwa jina lolote.