Unga Chini ya Mwamba

Biasha wa Tunduru alikuwa muuza chumvi, na kuliko chumvi alijua kusoma uso wa mtu anayetaka kununua. Mumewe alipomwacha alianza na kikapu kimoja. Vita vya Maji Maji vilipoanza, alikuwa na wapagazi sita. Kisha Wadachi wakachoma mashamba na maghala ya Ungoni. Wapagazi wakatawanyika, chumvi ikaporwa. Akabaki na miguu yake na habari moja: binti yake Zena, aliyeolewa na Mngoni, amejificha na wanawe wawili milimani, magharibi ya Songea, chini ya mwamba wenye picha.

Alipanda siku mbili. Alitaka awashushe wote watatu, awapeleke kwa dada yake ng'ambo ya Ruvuma, ambako moto haukufika.

Mwamba aliuona kwa mbali, umeinama kama paa la nyumba. Picha zilikuwa nyekundu: wanyama wa shingo ndefu, watu wembamba kama njiti, safu za madoa. Hakuzitazama sana. Jicho lake lilinasa chini, kwenye jiwe bapa. Unga. Unga mweupe, umemwagwa kama kichuguu.

Njia nzima watu walikuwa wanachimba mizizi, na huku kuna wa kumwaga unga? Basi kuna ghala, akawaza, wajukuu wanakula.

Zena akatoka kizani, mifupa mitupu. Nyuma yake mama mkwe wake, Nakomba, amembeba mjukuu wao mdogo, Chiku, mgongoni.

"Na mkubwa, Abasi, yuko wapi?" Biasha akauliza.

Zena aliutazama ule unga. "Yuko hapo, mama. Leo siku ya nne. Njaa."

"Na unga huu?"

"Wake," Nakomba akajibu. "Sisi hatumsindikizi maiti mikono mitupu. Nimetwanga sehemu ya mbegu."

"Mbegu! Mlikuwa nayo, na mtoto akafa?"

"Mbegu hailiwi, mkwe wangu. Mvua ikinyesha utapanda nini, maneno?"

Biasha akamnyooshea mtoto mikono.

Sauti yake ilikuwa ya sokoni. "Nipe huyo Chiku. Nashuka naye na mama yake."

"Zena mchukue. Mtoto ni wa ukoo wetu, wa kina Mbano. Tulitoa ng'ombe watatu wa mahari, ukapokea unacheka."

Kweli alicheka. Kwa Wayao, watu wake, mtoto ni wa upande wa mama, ng'ombe wasingebadili kitu. Aliwapokea akijua amewapunja Wangoni, akawabadilisha kwa chumvi kabla wiki haijaisha. Kumbe Wangoni walikuwa wananunua wajukuu wake.

"Bila Chiku sishuki," Zena akasema, akaketi kando ya jiwe.

"Nitakurudishia ng'ombe, mkwe."

"Utawatoa wapi? Wadachi wamewamaliza. Acha uchuuzi wako kwenye kaburi la mjukuu wangu!"

Biasha akauangalia mwamba, safari hii kwa makini. Chini kabisa palikuwa na alama ya kiganja kidogo, cha mtoto.

"Nani walichora hizi?"

"Watu wa kale."

"Wa ukoo gani?"

"Nitajuaje?"

"Walikuwa na ukoo, na watoto, nao walijibanza humu humu. Nitajie jina moja tu." Akamgeukia Nakomba. "Mwanao alikufa vitani. Abasi huyo hapo. Kina Mbano wote sasa wako mgongoni mwako, mkwe, na hawajala. Akifa huyo, ninyi pia mtakuwa watu wa kale."

"Una mdomo mchafu wewe."

"Ndio ulionilisha."

Nakomba akafungua mbeleko, akamweka Chiku mikononi mwa Biasha.

"Kaa kitako. Hushuki mpaka uyajue majina ya ukoo wake." Akaanza: baba yake Chiku, babu yake, baba wa babu, hadi yule aliyevuka Mto Zambezi akitoka kusini.

Biasha akayarudisha. La tatu akakosea.

"Rudia," Nakomba akasema.

Akarudia.