Mzee Hawezi

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha uchomeleaji wa vyuma katika chuo kimoja huko Sigalagala, na nilipanga chumba nyuma ya duka pale Khayega, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Kwetu ni Musoma, Tanzania. Mimi nilikuwa mgeni mwenye kibali, na gari langu nalo lilikuwa geni lenye kibali chake. Kati yetu wawili, aliyesumbuliwa zaidi alikuwa gari.

Lilikuwa gari kuukuu la baba yangu. Macho yalipoanza kumsumbua alinikabidhi ufunguo kwa sharti moja: siku kifua chake kikimzidi, nije nalo nimpeleke hospitali kubwa ya Mwanza. Mabasi hakuyaamini kabisa. Alisema akipanda basi atafika maiti. Nikamwapia kwamba nitakuja, hata iwe katikati ya somo nitaacha chaki mezani.

Namba zake za Tanzania zilinitesa jamani. Kila kizuizi cha polisi nasimamishwa mimi, matrekta ya miwa yasiyo na taa hata moja yanapita. "Hii gari ni ya wapi?" Nikijibu, wanacheka Kiswahili changu, ati naongea kama redio. Nikifika kwetu napo, mabinamu wananiita Mkenya. Na kila miezi mitatu kibali cha gari kikiisha, lazima nilitoe Kenya kupitia mpaka wa Sirari, nigongewe muhuri, nigeuze, niingie upya. Siku nzima inapotea kwa ajili ya muhuri! Nilikuwa na hasira za karibu siku hizo, na njia nzima nilikuwa nalitukana lile gari kana kwamba lina masikio.

Jina la gari alilitoa mama mwenye duka, mama mpole wa Kiluhya aliyeninusuru na njaa mara nyingi kwa sahani ya obusuma, ugali wa kwao, na mboga. Kila asubuhi gari lilikuwa halikubali kuwaka mpaka likohoe kwanza, tena kikohozi kirefu, majirani wote wasikie. Yeye anafungua madirisha ya duka, anauliza, "Mwalimu, Mzee amekohoa leo?" Jina likashika. Khayega nzima ikaliita Mzee, nami pia nikaliita Mzee. Nyumbani sikuwaambia. Ningeanzaje kumwambia baba yangu, mwenye kifua kile, kwamba gari lake tumelipa jina lake kwa sababu linakohoa?

Mwaka ule, muhula wa pili ukiwa katikati, nililipeleka Sirari kama kawaida. Nilikuwa nimeshaingia upande wa kwetu, karibu na Tarime, gia zikakataa. Wakalisukuma vijana wa pale hadi kwa fundi. Fundi akalala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa, akasema linahitaji vipuri vya kutafutwa mbali. Nikamwachia namba ya simu ya duka la Khayega ili aniite likipona. Kutoka pale hadi Musoma kwa Baba ilikuwa mwendo wa saa chache tu. Lakini kesho yake nilikuwa na kipindi asubuhi, na nilikuwa nimenuna, nimechafuka grisi hadi nyusi. Nikapanda basi la kurudi Kenya.

Wiki mbili zikapita. Jumatatu moja mchana narudi kutoka kazini, mama wa duka akaniita kabla sijafika mlangoni.

"Mwalimu, kuna mwanaume amepiga kutoka Tanzania. Hiyo laini inakatanga, sikumshika jina. Anasema Mzee hawezi, uende umchukue haraka."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika nguzo ya duka. Niliona wazi kabisa: fundi ameshindwa, anataka niliondoe uwanjani kwake.

"Haraka ya nini? Huyo Mzee si amezoea kulala njiani?"

"Amesema atapiga tena kesho saa saba."

"Mimi nitakuwa darasani. Akipiga mwambie hivi: Mzee akae huko huko. Nimechoka naye. Nitakuja chuo kikifungwa."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mama."

Na mama yule alikuwa mtu mwaminifu. Alifikisha ujumbe wangu bila kupunguza neno. Jioni ya Jumanne akaniambia kwamba yule mwanaume alisema sawa, akakata simu.

Hakuna simu nyingine iliyokuja. Nikafundisha, nikasahihisha, nikafurahia kupita vizuizi vya polisi bila gari la kuulizwa. Chuo kilipofungwa, mwezi mzima baadaye, nikafunga mkoba wangu, nikashuka Tarime.

Fundi alinipokea kwa vicheko. Gari lilikuwa limesimama chini ya bati, limeoshwa.

"Lipo tayari siku nyingi, Mwalimu. Namba yako ililowa mvua, nikabaki nakusubiri."

"Lakini si ulipiga ukasema Mzee hawezi?"

"Mzee gani?" akaniuliza. "Mimi sijapiga simu hata siku moja."

Kwetu, watu wazima wakisema mtu hawezi, wanasema anaumwa. Neno hilo nimekua nalo. Baba mwenyewe akiamka vibaya alikuwa anasema, "Leo siwezi," na tunajua apikiwe uji. Imekuwaje miaka michache ya Khayega inisahaulishe neno la nyumbani kwetu? Nikaingia garini. Likakohoa, likawaka. Sikumbuki nilivyofika Musoma.

Mdogo wangu alikuwa uani, anafunga mlango wa banda la mbuzi. Aliliona gari, akaliangalia sana, ndipo akaniangalia mimi. Hakunipa mkono.

"Chuo kimefungwa, kaka?"

Nikauliza Baba yuko wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa migomba. Udongo ulikuwa bado haujashuka vizuri.

"Mbona hamkuniita?"

"Tulikuita kwa ile namba ya duka uliyotuachia. Ukasema akae huko huko, umechoka naye. Tungekuita mara ngapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia Mzee ni jina la gari, kwamba kule Khayega hata watoto wanaliita hivyo, kwamba nilidhani ni fundi. Nilikuwa naongea mbio, nalia, na nilijisikia mwenyewe jinsi ninavyofanana na mwongo. Mdogo wangu akasikiliza hadi mwisho.

"Uliliita gari Mzee," akasema, polepole, kama mtu anayejaribu kuielewa lugha ya wageni.

Kisha akanieleza yaliyobaki. Tangu Jumatatu, alipoambiwa nimeitwa, Baba alitaka avalishwe koti lake la safari na viatu. Alikaa kwenye kiti mlangoni akisikiliza barabara. Gari lolote likipita, anasema hilo silo, lake analijua kwa kikohozi. Jumanne mdogo wangu aliporudi kutoka kupiga simu, Baba akamuuliza nimesemaje. Naye hajui kudanganya, tangu utoto hajui, akamwambia.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akasema, 'Ana kazi nyingi. Asisumbuliwe.' Akavua koti mwenyewe. Hakutaka nimsaidie." Alifariki Alhamisi.

Nilikaa nyumbani mpaka muhula ulipokaribia. Mimi na mdogo wangu tulikula sahani moja, tukalima pamoja, lakini hilo hatukulizungumza tena, na hadi leo sijui kama aliniamini. Safari ya kurudi nilipita Sirari, wakagonga muhuri wao, miezi mitatu mingine.

Nilifika Khayega asubuhi, madirisha ya duka ndiyo yanafunguliwa. Gari likakohoa mara ya mwisho nilipokuwa naliegesha, na mama wa duka akatoka mbio akijifuta mikono kwenye leso, uso wote umejaa furaha.

"Mwalimu! Umemleta Mzee!"

Nilizima injini. Nilitaka kumweleza, lakini alikuwa hana kosa lolote mama wa watu.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Amebaki huko huko."