Grisi ya Mshenga

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, nakaa mtaa wa Kizwite, Sumbawanga, na bahari nimeiona mara moja tu maishani, nikiwa semina, tena kupitia dirisha. Hilo halijanizuia kuwa mtaalamu wa vita vya majini. Niulize habari za manowari, za kuziba bandari, za nahodha aliyepandisha bendera ya uongo ili amsogelee adui, nitakueleza mpaka kopo lako likauke. Sumbawanga tuko juu milimani, maji yetu ni ya mvua. Nani atanibishia?

Alikuwepo mmoja. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alisoma seminari akaacha upadri ukiwa karibu, akaoa, akabaki na falsafa ya maadili kichwani bila mahali pa kuimwaga. Akaimwaga kwangu. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa kwa mama mmoja anayepika pombe ya ulezi, mimi nikileta meli, yeye akileta dhamiri. Mimi nasema nahodha fulani alishinda. Yeye anauliza, "Sawa, alishinda. Alitenda haki?" Swali hilo linaudhi, jamani! Unamzamishia mtu manowari nzima, yeye anakuuliza habari za haki.

Nilimpenda lakini. Nilimpenda kiasi kwamba mwanangu wa kiume alipopata mchumba kijiji cha Kaengesa, nilimfanya jirani huyo kuwa mshenga. Alikwenda kwa wazazi wa binti kwa niaba yetu, akarudi, akaenda tena, mambo yakakaa vizuri. Ikabaki wao kusema neno la mwisho.

Ndipo Jumapili moja mazungumzo yakafika kwenye ile meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika. Vita ya Kwanza ya Dunia, walipoona inakaribia kutekwa, wakaizamisha wenyewe kule Kigoma. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi. Miaka baadaye Waingereza wakaiibua, ikafanya kazi. Mimi mwenyewe nimeipanda kutoka Kasanga. Nikasema pale kilabuni kwamba yule aliyetoa amri ya kuizamisha alikuwa mwanamume. Heri uzamishe chako kuliko kumkabidhi adui.

Jirani akafuta povu kwenye ndevu. "Mwanamume ni yule aliyepaka grisi," akasema. "Huyo alijua hasira itaisha na watu watataka kusafiri. Anayeharibu chake ili mwenzake asikipate ni mtoto aliyenyang'anywa mpira." Kisha akawageukia watu. "Mnamwona Mwalimu? Alikata mparachichi wake mwenyewe kwa sababu matunda yalikuwa yanadondokea kwangu."

Kilabu kizima kikacheka. Mama wa pombe naye akacheka, na kopo langu mkononi mwake!

Damu ikanipanda. Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo nilikuwa naitumia kwa kidato cha pili, "Kuanzia leo wewe si mshenga wangu!" Nikatoka.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiko chini. "Umemvua mtu ushenga katikati ya safari? Wale watu wa Kaengesa watasema tumemkataa binti yao." Nikamwambia nitatafuta mwingine. "Mwingine aanzie wapi?" Mwanangu alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele, ni mpole kama mama yake asivyo. Aliuliza tu, "Baba, kwani mimi ndiyo meli?"

Swali hilo lilikaa nami kitandani. Ungedhani ningevuka uzio asubuhi nikaomba radhi. Thubutu! Nilikuwa vitani.

Tatizo la kununiana na mtu huku kwetu Ufipa ni salamu. Ukikutana na mtu wa heshima zako huachii neno tu hewani ukapita. Unainama, unapiga makofi taratibu, naye anainama na kupiga yake, mnaulizana hali. Mkishapigiana makofi hivyo, nani atakuelewa ukisema mmenuniana? Nikabuni mbinu ya kivita: sikutoka nyumbani mikono mitupu. Nilibeba jembe na ndoo. Nilibeba beseni. Siku moja nilizunguka mtaa mzima nimekumbatia jogoo asiye na hatia. Mtu mwenye mzigo hakuna wa kumlaumu. Anatikisa kichwa, anapita. Jirani alitikisa cha kwake, na mimi nikajisifu kwamba doria yangu inafanya kazi.

Wakati huo Kaengesa kimya. Mwanangu akaacha kuongea mezani. Mke wangu akaanza kunipakulia ugali wa moto na maneno ya baridi.

Basi asubuhi moja mke wangu akanipa trei ya mayai nipeleke dukani. Natoka getini, bodaboda inasimama mbele yangu, anashuka jirani, kavaa koti lake la misa, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa uso kwa uso. Nilijiandaa kutikisa kichwa. Lakini mwili ulifanya alichonifundisha bibi yangu kabla sijajua kusoma. Nikainama. Mikono ikafunguka. Nikapiga makofi.

Trei ikaenda chini yote.

Naye akawa amekwishainama, anapiga makofi yake taratibu, macho kwenye ute unaotambaa kuelekea viatu vyangu. Salamu ikianza haikatwi.

"Habari za nyumbani, Mwalimu?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na mayai?"

Yule wa bodaboda alicheka nusura pikipiki imwangukie. Mimi nilijaribu kukunja uso, nikashindwa. Tulicheka wazee wazima tukashikana mabega. "Kumbe kweli," jirani akasema akifuta machozi, "wewe chako unakizamisha mwenyewe." Kisha akashusha sauti. "Natoka Kaengesa. Wamekubali. Wanawasubiri Jumamosi."

"Ulikwenda? Si nilikuvua ushenga mbele za watu?"

"Ulinivua mimi. Wao hukuwaambia."

Hapo nikaona upenyo. Mwanafalsafa kadanganya! Nikamwuliza kama kukaa kimya huko ni haki. Akafikiri, akakiri kwamba hapo pana kasoro na ataiungama. "Lakini vita ilikuwa kati yako na mimi," akasema. "Kijana hakuwemo. Nimekuwa nikienda kule kupaka grisi."

Mke wangu akatoka, akaona mayai, akafungua mdomo kunisomea mashtaka. Nikamwambia habari ya Kaengesa. Mdomo ulikuwa wazi tayari, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mwanangu alisikia kelele tu, akaja mbio akidhani kuna msiba, akatukuta tumesimama kwenye mayai. Mama yake alipomwambia, alichuchumaa palepale akaanza kuokota maganda, moja moja, ili tusimwone uso.

Jumapili, siku moja baada ya kwenda Kaengesa, nilirudi kilabuni. Bado nasema kuizamisha meli ile kulikuwa sawa, na nitasema hivyo mpaka nizikwe. Lakini kabla sijakaa nilimwendea jirani yangu mbele ya watu wote, mikono mitupu, nikainama.