Jina la Pili Kwenye Skrini

Kompyuta ya dukani kwangu ilipozinduka baada ya kuwekewa toleo jipya, iliniuliza naingia kama nani: mimi, au mdogo wangu.

Sasa, mdogo wangu hajawahi kuwa na akaunti kwenye ile mashine. Na nilikuwa nimeshamfukuza kazi.

Vuteni viti. Hili jambo nikikaa nalo peke yangu litanitoa roho, bora niwagawie.

Mimi nina steshenari. Nabuni kadi za harusi, mabango, vyeti, mpaka lebo za chupa za asali. Wateja wananiita Mama Kadi. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa anapokea wateja na kuchapa barua zao. Kwa jinsi anavyoongea, tangu utotoni tulimpa jina la Chiriku. Mteja akija kanuna, Chiriku atahakikisha anaondoka anacheka.

Kompyuta yetu ilikuwa moja tu, ya mezani. Mfumo wake ni ule wa bure, unaotengenezwa na watu wa dunia nzima na kuachwa wazi ili yeyote anayetaka auchungulie ndani.

Aliyetuwekea ni Daktari. Si daktari wa watu, ni fundi kompyuta, rafiki wa marehemu kaka yetu. Kaka alipofariki, huyu ndiye aliyebaki kutuangalia. Alikuwa anakuja, anatengeneza, anakunywa chai, anaondoka. Hakuwahi kututoza hata siku moja. Nilikuwa namwombea dua kuliko ninavyojiombea mwenyewe.

Sharti lake lilikuwa moja tu. "Dada, mashine ikikwambia kuna toleo jipya, usiguse. Nipigie mimi."

Nikatii. Mtu anayekutendea wema humuulizi maswali mengi.

Halafu yakaanza mauzauza.

Nikibuni kadi leo, kesho inaning'inia kwenye kioo cha Bwana Rangi, mwenye duka la uchapaji ng'ambo ya barabara. Maua yaleyale, mwandiko uleule, mpaka kona niliyoikosea mimi ikatoka imekosewa vilevile. Bibi harusi mmoja alikuja kuniuliza kama huwa naiga kazi za jirani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamlilia Daktari. Akapuliza chai yake taratibu.

"Sipendi kuingilia mambo ya ndugu," akasema. "Ila mashine ni nzima, mimi naijua. Tazama wanaoikalia."

Wanaoikalia tulikuwa wawili, na mimi sikujiibia.

Nilimwambia Chiriku aache funguo mezani. Yule anayeongea mpaka usingizini, siku hiyo hakusema neno. Aliweka funguo, akachukua kikombe chake, akatoka. Tangu hapo nyumbani kwa mama tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Na kweli, kadi zikaacha kuvuja. Nikaamini nimepatia.

Lakini wateja walikuwa wameshanihama. Duka likabaki linapigwa na vumbi, mpaka shule moja ikanipa kazi ya vyeti vya wahitimu wao. Nikajua hii ndiyo pumzi yangu ya mwisho. Nikiiharibu, nafunga duka.

Shule ikatuma nembo na majina kwa intaneti. Kompyuta ikagoma kufungua. Eti mfumo umezeeka, weka toleo jipya kwanza.

Nampigia Daktari, hapatikani. Nikamtumia ujumbe kwamba mashine imenikwamisha na naweka toleo jipya mwenyewe. Mwalimu mkuu naye anapiga, anataka kuona sampuli. Nikasema liwalo na liwe, nikabonyeza.

Mashine ikaanza kushusha mafaili, moja baada ya jingine. Katikati ikasimama, ikaniuliza swali. Faili la mipangilio ya skrini ya kuingilia limebadilishwa: ubaki na hili la zamani, au uweke jipya la watengenezaji?

Mimi nijue nini? Ukipewa la zamani na jipya, unachukua jipya. Nikachukua jipya.

Ikajizima. Ikawaka. Giza tupu, na kistari kimoja cheupe kinapepesa kwenye kona.

Nikabonyeza kila kitufe, wapi. Kazi zangu zote ziko humo, na nembo ya shule sijaiona hata kwa macho.

Nikashika simu, nikaingia kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa mfumo ule, nikamwaga shida yangu. Akanijibu mtu nisiyemjua kabisa, anajiita Mzee wa Pengwini. Akanieleza jinsi ya kuwasha mashine kwa kuchagua toleo la zamani kwenye orodha, kisha kuweka upya programu inayoendesha skrini. Nikikosea, ananirudisha nyuma bila kuchoka. Wala hakuniuliza mimi ni nani.

Skrini ikafunguka. Majina yakawa mawili. Mama Kadi, na chini yake, Chiriku.

Damu ikanipanda kichwani. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia aje aone jina lake.

Alikuja, akainama akalisoma lile jina.

"Dada, mimi nilikuwa nachapa kwenye akaunti yako," akasema. "Hili jina limefikaje hapa, sijui."

Sikumwamini, nawaambia ukweli. Nikamwandikia Mzee wa Pengwini kuhusu lile jina, nikitafuta wa kuniunga mkono. Badala yake akaniuliza kama mashine iliniuliza chochote kuhusu skrini ya kuingilia. Nikamwambia ndiyo.

Akaandika: "Swali hilo haliji kwa kila mtu. Linakuja pale tu mtu alipowahi kulibadilisha lile faili kwa mkono wake. Kuna mtu aliliagiza lifiche hilo jina. Ulipochukua faili jipya, ukalifichua."

Nilikuwa bado naisoma hiyo meseji kwa sauti mlango ulipofunguliwa. Daktari. Anahema, hajasalimia mtu.

"Dada, nimeona ujumbe wako. Lile swali la skrini ya kuingilia, ulijibu la zamani au jipya?"

Chiriku akanigeukia. Swali lile nilikuwa nimemwambia mdogo wangu dakika ile, na mgeni wa jukwaani, basi.

"Swali gani?" nikamuuliza.

Akasogea mezani. Macho yake yakaenda kwenye skrini, yakayakuta majina mawili.

Hakukana. Alikaa kwenye benchi la wateja akaeleza kila kitu. Alikuwa anaingia kwenye mashine yangu kwa intaneti akiwa kwake, anachota kazi zangu, anampelekea Bwana Rangi. Akaunti aliyokuwa anaingilia aliipa jina la Chiriku makusudi, ili siku ikifichuka pawe na wa kuubeba mzigo. Nilipomfukuza mdogo wangu, yeye akaacha kuiba kwa muda, ili niamini nimempata mwizi.

Nikamuuliza kwa nini. Akajibu anatazama sakafu.

"Kwako nilikuwa fundi wa bure, dada. Kule mimi ni mshirika."

Nililia mbele yake na sikuona haya. Mtu aliyebeba jeneza la kaka yangu. Angesema tu, hata nusu ya duka ningempa.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisikia tangu shule. Sikujua kama nguo yenyewe unaweza kuwa unaipenda.

Vyeti tulivimaliza, mimi na Chiriku, na shule ikaridhika. Tulipokuwa tunafunga duka nikamnyooshea funguo. Akazitazama, hakuzipokea.

"Kazi nitakuja, dada. Ila funguo kaa nazo wewe. Kikipotea kitu siku nyingine, nisiwe wa kwanza kukumbukwa."

Ndugu zangu, mfumo wangu ulikuwa wazi, hata mtoto angeweza kuuchungulia. Sikuchungulia kwa sababu nilimwamini aliyeuweka. Mtu akikukataza kugusa kitu chako mwenyewe, muulize sababu, hata kama ni mwema kiasi gani. Na ukiambiwa neno juu ya ndugu yako wa damu, msikilize na yeye kwanza.

Chiriku anakuja kila asubuhi kabla yangu. Anasimama nje kwenye baridi, kimya, ananisubiri nifungue.