Kazi Yangu Ilikuwa Kuanzisha Nyimbo

Katika jumuiya yetu ya Katandala kazi yangu ilikuwa kuanzisha nyimbo. Sikuiomba. Nilikuwa nimetoka kubeba magunia ya mahindi Laela, na kabla ya hapo kuvuta nyavu Kasanga, na kabla ya hapo kuchimba dhahabu upande wa Mpanda. Nikapanga chumba kimoja, nikafungua kibanda cha kuziba pancha za bodaboda. Akina mama wa jumuiya walinisikia naimba huku nafua shati uani. Jumamosi iliyofuata wakanigongea mlango saa kumi na mbili asubuhi.

"Sauti kama hiyo na bado unajipikia ugali mwenyewe," alisema mama mwenyekiti. "Njoo uimbe, baba. Labda kuna mtu atakuhurumia."

Nikavaa koti nikaenda. Tulikuwa nyumba kumi na tano hivi za majirani, tukikutana kila Jumamosi kabla ya kazi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Injili ya Jumapili ilisomwa, kisha watu wazima walisema neno lililowagusa, kisha maombi, kisha matangazo, tukaagana. Vijana walipanga viti, walifagia uwanja, waliongoza rozari na kusoma. Kusema neno lililokugusa kulikuwa kwa wenye umri. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo. Ilikuwa hivyo tu, na mimi niliikuta.

Tulikuwa na desturi nyingine. Jambo likikwama, mtu akianza kulia, au wawili wakianza kurushiana maneno juu ya viti ambavyo havikurudishwa, mama mwenyekiti alinigeuzia shingo kidogo na kusema kwa sauti ya chini, "Wimbo." Nami nilianzisha. Watu walipiga makofi, walisimama, na wimbo ulipoisha lile jambo lilikuwa limekwisha kupita. Kwa ugomvi nilichagua wa haraka. Kwa machozi, wa polepole wenye kiitikio kirefu. Nilijivunia kujua upi unafaa wapi.

Msomaji wetu alikuwa binti wa miaka kumi na sita aliyekuwa akijiandaa kupokea Kipaimara. Hakuna aliyesoma kama yeye. Hakuwa na haraka, na alitua panapostahili. Dada yake alikuwa amefariki wakati wa masika, wiki mbili baada ya kujifungua, na yule mtoto alibaki mikononi mwa mama yao na binti huyu. Kwa hiyo alisoma Injili akiwa amembeba mtoto mgongoni, kanga juu ya sweta, maana Juni huku kwetu mtu akiongea unaona pumzi yake.

Alikuwa akipita kibandani kwangu akirudi shule. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini karatasi yenye maandishi hainipiti. Nilizihifadhi kurasa zilizofungiwa maandazi, nikazinyoosha, nikazisoma hata kama zinaanzia katikati.

"Shikamoo anko. Leo umefungiwa nini?"

"Marahaba. Leo ugonjwa wa kuku. Jana ilikuwa kesi ya mirathi, lakini hukumu ilibaki kwa muuza maandazi."

"Ungenunua andazi la pili."

Alicheka na kuuliza maswali. Kwa nini kuku wakifa wanakufa wote? Nani anaamua ukurasa upi wa kitabu uchanwe? Nilimpenda kwa hilo, kama mtu anavyompenda aliyeugua ugonjwa mmoja naye.

Jumamosi moja tulikutana nyumbani kwa mzee mmoja mstaafu. Injili ilikuwa ile ya mama mjane aliyekuwa akienda kumzika mwanawe, Yesu akaligusa jeneza na kijana akaketi. Binti alisoma hadi mwisho, tukaitikia. Hakukaa.

"Naomba kuuliza," alisema.

Mzee mwenye nyumba alikuwa amekwisha kohoa ili aanze neno lake.

"Dada alipougua tulisali novena kwetu. Siku tisa. Ninyi wote mlikuja. Siku ya tisa akafa." Alimpandisha mtoto mgongoni. "Nataka kujua tulikosea wapi. Kama kuna siku tuliruka, au kuna mtu alisali vibaya, niambiwe. Huyu akikua ataniuliza."

Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi. Niliwatazama watu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa anatazama rozari yake. Wote walikuwepo zile siku tisa. Nami nilikuwepo, niliimba.

Mama mwenyekiti alinigeuzia shingo. "Wimbo."

Nikaanzisha. Sikufikiri. Nilichagua wa polepole, na ulikuwa wimbo mzuri, na watu waliuimba vizuri kuliko siku zote, kwa nguvu, na makofi. Binti alibaki amesimama ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili alikaa. Wa tatu alitoka, nikamwona kupitia dirishani akivuka uwanja, kichwa cha mtoto kikiyumba mgongoni.

Hakuja tena. Jumamosi mbili, tatu, nne. Kibandani alikuwa akipita upande wa pili wa barabara.

Katekista akatangaza kwamba askofu angekuja baada ya mavuno, na kila kijana alete barua ya jumuiya yake. Bila barua hakuna Kipaimara, na baada ya hapo mtu angengoja miaka. Nilijua kungoja huko. Nikiwa na miaka kumi na minne, kijijini kwetu upande wa Kate, nilimuuliza mwalimu wa mafundisho kwa nini tunamweleza Mungu shida zetu ikiwa anazijua. Darasa zima likaambiwa liimbe. Niliimba nao. Wiki iliyofuata nilipanda lori la mahindi, na mpaka leo sijapokea. Watu wakiniuliza kwa nini niliondoka nyumbani husema nilitafuta maisha.

Nikaenda kwa mama mwenyekiti. Nilimkuta anapepeta ulezi uani.

"Barua nitamwandikia," alisema kabla sijakaa. "Hata asipokanyaga. Unadhani mimi ni mtu wa kumnyima mtoto barua?"

"Si barua, mama. Ni lile swali."

Aliweka ungo chini. "Mimi ndiye niliyemshika kichwa dada yake akikata roho. Mimi ndiye niliyesema tusali novena, nikamwambia mama yao asiogope. Sasa mwanangu, nisimame mbele ya watu nimwambie nini yule binti? Niambie wewe unayesoma makaratasi."

Alinyanyua ungo, akaendelea kupepeta. Baadaye kidogo alisema, bila kunitazama, kwamba usiku husali novena ile ile peke yake, tangu mwanzo, akitafuta ni wapi tulikosea.

Nilimwomba akamwambie binti hivyo hivyo. Alitikisa kichwa. Mwenyekiti akisema hajui, alisema, wale vijana wengine watashika nini?

Nikaenda mwenyewe, na barua aliyoiandika mama mwenyekiti mfukoni. Binti alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi, mtoto kalala juu ya gunia. Tulisalimiana. Nikaiweka barua mbele yake, nikachukua hindi nikaanza kupukuchua naye. Nilimweleza ya mafundisho kijijini, na lori. Alisikiliza.

"Kwa hiyo nawe uliimbiwa," alisema.

"Niliimbiwa."

"Ukajua inavyouma. Halafu ukaniimbia."

"Ndiyo."

Tulipukuchua. Nilisikia koo langu linajiandaa, kweli kabisa, kama linavyofanya kila kukiwa kimya. Nikalizuia. Nilitaka kumwambia mama mwenyekiti husali usiku, lakini haikuwa siri yangu. Nilitaka kumwambia kwamba hatukukosea, ila sikujua kama ni kweli, na angetambua kwamba nabahatisha.

"Sijui," nilisema.

"Hilo ningelipokea siku ile," alisema, "mbele ya watu." Aliisukuma barua kwa kidole, ikarudi kwangu. Mtoto akaamka, binti akaenda kumnywesha chupa ndani. Nilimaliza debe peke yangu, nikaondoka.

Jumamosi ya mwisho kabla ya askofu kuja, katekista alisoma orodha ya vijana wetu. Walikuwa wanne. Yule mzee mstaafu, ambaye masikio yake ni mazito, akauliza kwa sauti, "Na yule msomaji wetu mzuri, mbona simsikii?"

Wale vijana wanne walitazamana, kisha wakatutazama sisi. Mama mwenyekiti alinigeuzia shingo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wimbo," alisema.

Nilifunga mdomo. Nilihesabu pumzi tatu, nne, nikingoja aseme, nikingoja mtu yeyote aseme. Ndipo mama mmoja wa pembeni akaanzisha yeye, wa haraka, tena juu mno, watu wasingefika. Sauti zikaanza kukatika. Kwenye kiitikio nikaingia, nikaushusha mahali pake, wote wakaweza.